Li Shizhen, munganga aliyekataa majani mawili kuitwa jina moja

Dawa ya palu tunayopewa kwenye vituo vya afya, kuanzia Uvira mpaka Beni, ndani yake mna kitu kilichotoka kwenye jani la China. Wengi wanalijua jani hilo kwa jina la artemisia, na wengine wamelipanda nyuma ya nyumba. Lakini artemisia si jani moja. Ni ukoo mzima wenye ndugu mamia, na wengine wanafanana kama mapacha. Nani anaponya palu, na nani ananukia tu? Maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyokula maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 430 iliyopita. Jina lake Li Shizhen. Leo tunawaletea habari zake.

Kwa Wachina jina la ukoo linatangulia, kwa hiyo Li ndilo jina la familia. Alizaliwa mwaka 1518 katika mji wa Qizhou, karibu na mto mkubwa Yangzi, katika jimbo ambalo leo linaitwa Hubei. Babu yake alikuwa munganga wa barabarani, wale waliokuwa wanatembea kijiji kwa kijiji huku wanapiga kengele ili wagonjwa wasikie na watoke nje. Baba yake, mzee Li Yanwen, alipanda ngazi kidogo. Alijulikana mjini, alikuwa anajua kusoma na kuandika vizuri, na aliandika vitabu vidogo, kimoja juu ya mzizi wa ginseng, kingine juu ya artemisia ya kwao Qizhou inayoitwa ai.

Hata hivyo mzee hakutaka mtoto wake awe munganga. Msishangae. Kazi ya kutibu, wakati ule kule China, haikuwa na heshima ya leo. Munganga aliwekwa karibu fasi moja na mpiga ramli. Heshima ilikuwa kwa wale waliofaulu mitihani ya serikali na kupewa kiti cha ofisa. Sisi tunajua Egzeta, namna inavyotetemesha nyumba nzima. Mitihani ya China ilikuwa migumu kuliko hiyo mara nyingi, na mtu aliweza kuirudia mpaka nywele zinakuwa nyeupe.

Kijana Li alifaulu ngazi ya kwanza akiwa na miaka 14, familia ikafurahi sana. Kisha akaenda mji mkuu wa jimbo, Wuchang, kufanya ngazi ya pili. Akaanguka. Akarudia, akaanguka. Mara ya tatu vilevile. Katikati ya miaka hiyo, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alipata kikohozi na homa kali iliyomshika zaidi ya mwezi mmoja. Dawa alizojaribu hazikusaidia, na watu walianza kusema huyu hatabaki. Baba yake akachemsha mzizi mmoja tu, huangqin, akamnywesha. Kesho yake homa ikashuka. Li mwenyewe aliweka habari hiyo katika kitabu chake baadaye, na inaonekana haikumtoka kichwani. Baada ya kuanguka mara ya tatu aliacha mitihani kabisa, akakaa karibu na baba kujifunza kazi.

Sasa hapa ndipo shida yenyewe inaanza.

Munganga wa China alifanya kazi na vitabu. Kulikuwa na vitabu vikubwa vya dawa, kila kimoja kikiongeza juu ya kile cha zamani. Kile kilichotumika sana wakati wa Li kilikuwa kimeandikwa karne ya 11 na Tang Shenwei, maana yake zaidi ya miaka 400 nyuma. Kijana akisoma, kisha akienda shambani au mlimani kutazama mmea, anaona mambo hayalingani. Mimea miwili tofauti imewekwa chini ya jina moja. Mmea mmoja umekatwa vipande viwili na kupewa majina mawili, kama nanxing na huzhang, ambavyo kwake vilikuwa kitu kimoja. Tangawizi imepangwa pamoja na majani ya porini wakati kila mama jikoni anajua ni mboga. Ua la aina moja ya yungiyungi limechorwa mahali pa ndugu yake.

Mchanganyiko mwingine uliweza kuua. Kuna mzizi unaoitwa huangjing, ambao Wachina wanaula kwa kujenga nguvu. Na kuna mmea unaoitwa gouwen, ambao ni sumu kali; majani machache yanatosha kumaliza mtu. Kitabu kimoja cha zamani, chenye heshima kubwa, kilikuwa kinavichanganya hivi viwili. Tuseme wewe ni munganga wa kijijini, unaamini kitabu, unamtuma kijana akachume. Ndiyo hivyo mgonjwa anaingia kwa miguu yake na anatoka amebebwa.

Mwaka 1552, akiwa na miaka 34, Li alianza kuandika kitabu kipya. Hakutumwa na serikali, wala hakuwa na pesa za mtu. Kazi hiyo ilimchukua miaka 27, na aliandika upya yote mara tatu. Alisoma vitabu zaidi ya 800, si vya dawa tu, hata vya historia na vya mashairi, juu ndani ya shairi pia mtu anaweza kukuta habari ya mmea. Lakini alipoona vitabu vinapigana vyenyewe kwa vyenyewe alitoka nje. Aliuliza wavuvi, wakata kuni, wakulima, wawindaji, watu ambao wasomi wa wakati ule hawakuwa wanakaa nao kwenye meza moja. Kwetu sisi hiyo ndiyo sehemu nzuri ya maisha yake.

Mfano ni kakakuona, yule mnyama wa magamba ambaye hata misitu yetu ya Kongo inamjua na majangili wanammaliza. Vitabu vya zamani vilisimulia mambo mengi ya ajabu juu ya namna anavyokamata mchwa. Li alimpasua mmoja, akaangalia tumbo. Akakuta tumbo kubwa lenye siafu na mchwa wengi wa kujaza kipimo kizima, na akaeleza kwamba mnyama anatoa ulimi kuwavuta. Mambo yakaisha.

Tena kuna ua la datura, lile lenye umbo la tarumbeta ambalo linaota hata kando ya barabara zetu. Watu walisema ukilichuma huku unacheka, pombe yake itakuchekesha, na ukilichuma huku unacheza, itakuchezesha. Li aliijaribu pombe hiyo mwenyewe. Aliona kwamba mtu akishalewa nusu, akiwa karibu na mwingine anayecheka au kucheza, naye anafuata. Basi haikuwa uchawi wa kuchuma, ilikuwa nguvu ya mmea juu ya kichwa cha mtu. Aliandika pia kwamba unga wake uliweza kutumika kumlaza mgonjwa kabla ya kupasua jipu. Tafadhali, msijaribu nyumbani. Datura inapeleka watu hospitali mpaka leo.

Na nyoka wa Qizhou. Kwao kulikuwa na nyoka wa dawa aliyekuwa anauzwa ghali na kupelekwa mpaka kwa mfalme. Wafanyabiashara walileta wengine kutoka ng'ambo ya mto na kuwauza kwa jina hilohilo. Li alienda na wawindaji mlimani kumtazama yule wa kweli, akahesabu alama kwenye mbavu zake, umbo la almasi, 24. Mnunuzi aliyekuwa anajua kuhesabu hakudanganywa tena.

Katikati ya miaka hiyo sifa zake zilifika kwa mkubwa wa ukoo wa kifalme aliyekaa Wuchang, akamwajiri kuangalia afya ya watu wa nyumba yake. Kutoka hapo alipendekezwa kwenda Beijing, kwenye ofisi ya waganga wa mfalme. Hakukaa sana. Mfalme wa wakati ule, Jiajing, alikuwa anatafuta dawa ya kutokufa, na watu wa kumzunguka walimchanganyia zebaki na vitu vingine vya sumu. Mfalme alifariki mwaka 1567. Li aliandika waziwazi kwamba zebaki ni sumu, kwamba waliokula ili waishi milele wameharibu miili yao na wengi wamekufa. Kuandika hivyo baada ya kutumika karibu na kiti cha mfalme, hiyo ni roho ngumu.

Alimaliza mwaka 1578. Kitabu kinaitwa Bencao gangmu. Kina mafungu 52, kinaeleza dawa 1.892, na kati ya hizo 374 hazikuwa katika vitabu vya mbele yake. Mna maagizo ya kuchanganya dawa zaidi ya 11.000 na michoro zaidi ya 1.100. Vitu vimepangwa kuanzia maji na moto, udongo na mawe, kisha majani, nafaka, mboga, matunda, miti, halafu wadudu, samaki, ndege, wanyama, na mwisho mtu. Chini ya kila kitu anaandika majina yote yanayojulikana, umbo, fasi kinapopatikana, ladha, kazi yake, na pale waandishi wa mbele walipokosea. Sehemu hiyo ya makosa aliipa kichwa chake maalum.

Naye hakukosa kukosea. Aliandika kwamba aina moja ya vimulimuli inatoka kwenye mizizi ya majani yaliyooza. Hakuwa na mikroskopu, hakuwa na labo. Alikuwa na macho, pua, ulimi na miguu.

Ukoo wa ginseng unaonyesha vizuri macho hayo yalifika wapi na yaliishia wapi. Li aliwaonya wasomaji kwamba sokoni watu wanachukua mizizi mingine, shashen, jini na jiegeng, wanaitengeneza na kuiuza kama ginseng. Kisha yeye ndiye aliyeingiza katika kitabu cha dawa ndugu mmoja wa ginseng kutoka kusini, sanqi, mzizi wa kusimamisha damu ambao askari walibeba vitani. Baadaye ikajulikana kuna ndugu wa tatu huko Amerika ya Kaskazini. Wote watatu ni wa ukoo mmoja. Mizizi ikishakaushwa na kukatwa vipande, au kusagwa unga, hata mzee wa soko anaweza kudanganywa.

Leo labo zinawatenganisha kwa njia mbili. Ya kwanza ni kemia. Unga unalowekwa, maji yake yanapitishwa katika mashine inayotenganisha vitu vilivyomo kimoja kimoja, na kila mmea unaacha mchoro wake, kama alama ya kidole. Ginseng ya Asia ina kitu kinachoitwa ginsenosidi Rf, ya Amerika haina. Ya Amerika ina kingine, F11, ambacho ya Asia haina. Njia ya pili ni ADN. Wanasoma kipande kifupi cha ADN ya mmea na kukilinganisha na vile vilivyokwisha kujulikana. ADN inakuambia huyu ni mtoto wa nani. Haikuambii ana dawa kiasi gani ndani yake, kwa sababu udongo, mvua, umri na namna ya kukausha vinabadilisha kiasi. Ndiyo maana labo nzuri inafanya vyote viwili.

Sasa turudi kwa artemisia, juu hapa hadithi inageuka.

Tangu karne ya 4 munganga Ge Hong alikuwa ameandika kwamba homa ya kuja na kuondoka, ambayo sisi tunaijua kama palu, inatibiwa na jani linaloitwa qinghao, lililowekwa katika maji bila kupikwa na kukamuliwa. Li aliirudia dawa hiyo katika kitabu chake. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa kutenganisha, aliona kwamba katika qinghao za watu mna mimea miwili. Akaweka mmoja chini ya jina qinghao, na mwingine, wenye harufu kali zaidi na maua ya njano, akaupa nafasi yake chini ya jina huanghuahao. Dawa ya palu akaiacha kwa ule wa kwanza. Huanghuahao akaipa kazi ndogo tu, homa za watoto na mafua ya baridi.

Mwaka 1971, ekipe ya mama Tu Youyou huko Beijing ilikuwa inatafuta dawa ya palu. Kurudi kwenye maneno ya Ge Hong kulimfanya aone kwamba pengine moto wa kuchemsha ndio unaoharibu dawa. Akatumia eta, ambayo inachemka kwa joto dogo, na ikafanya kazi. Kitu kilichopatikana ndicho artemisinini, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Lakini ilipokuja kulinganisha ndugu wa artemisia katika labo, artemisinini ilikutwa kwa Artemisia annua. Na wataalamu wengi wa mimea wanaona kwamba annua ndiye yule huanghuahao wa Li, yule wa harufu kali. Mwenzake, aliyebaki na jina la qinghao na kazi ya palu, hana kiasi cha kufaa.

Tuelewane. Li hakukosea kuwatenganisha. Kwa macho tu alitenganisha vizuri kuliko wengi wa baada yake. Ila macho hayaoni artemisinini. Inatengenezwa katika vijinywele vidogo sana juu ya jani, kwa kazi ya jeni ambazo annua anazo. ADN yake nzima ilisomwa na kutangazwa mwaka 2018. Na hata kati ya annua na annua kuna tofauti: mmoja unatoa zaidi ya asilimia 1 ya uzito wa majani makavu, mwingine karibu na sifuri.

Jambo hili linatugusa sisi. Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wagonjwa wa palu, nyuma ya Nigeria. Katika bustani zetu kuna annua, na kuna ndugu yake wa Afrika, Artemisia afra, ambaye artemisinini yake ni sifuri au chembe tu. Vyote viwili vinauzwa kwa jina moja, artemisia, katika mfuko mmoja. Shirika la Afya Ulimwenguni halikubali chai au unga wa majani haya kwa kutibu palu: kiasi hakijulikani, na dawa ndogo isiyotosha inafundisha kimelea kuzoea. Dawa za kituo cha afya zimepimwa, na artemisinini imeunganishwa na dawa ya pili.

Mfano mwingine ulitokea Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wa Brussels waliokuwa wanatafuta kupunguza uzito walipewa vidonge vyenye mzizi wa Kichina unaoitwa fangji. Jina hilo linabebwa na mimea miwili isiyo ya ukoo mmoja. Ulioagizwa ulikuwa Stephania. Uliofika ulikuwa Aristolochia, ambayo ina asidi inayoua figo. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadaye baadhi yao walipata kansa. Kilichogundua kosa hilo ni kemia ya labo, wakati wagonjwa walikuwa tayari kwenye mashine.

Mzee Li hakuona kitabu chake kikisambaa. Mwaka 1580 alisafiri kwenda Taicang kwa mwandishi mkubwa Wang Shizhen (majina yanafanana lakini si ndugu) kumwomba maneno ya kufungulia kitabu, maana bila jina kubwa hakuna mtu wa kuchapa alitaka kuingiza pesa. Alingoja miaka kumi. Mwaka 1590 maneno yakapatikana, na Hu Chenglong, mchapaji wa Nanjing, akakubali. Wanawe walisaidia kuchora picha. Li alifariki mwaka 1593. Uchapaji ulikwisha mwaka 1596. Mwaka huohuo mwanawe Li Jianyuan alipeleka kitabu kwa mfalme Wanli pamoja na barua ya kueleza makosa yote ambayo baba yake alikuwa ameyasahihisha. Mfalme aliamuru kiwekwe ili kisomwe, basi. Watu wa kawaida ndio waliokisambaza. Mwaka 1607 kilikuwa kimefika Japani, na mwaka 2011 UNESCO ilikiweka katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia.

Huko Qizhou wanaendelea kulima artemisia yao, ile ai, na labo za China zinailinganisha na ai za majimbo mengine kujua kama kweli mafuta yake ni mengi zaidi, kama wenyeji wanavyosema. Kitabu kidogo cha mzee Li Yanwen juu ya jani hilo kilipotea. Vipande vichache tu vilibaki, vile ambavyo mwanawe alivinakili katika kitabu chake.